Kutafuta Jiko Lisilo na Moshi

Vita vilipoanza kule kaskazini, mke wangu alikuwa ameshaacha kulala chali. Alilala ameegemea ukuta, mito miwili mgongoni, na kila alfajiri nilipoamka kwa ajili ya sala nilisikia kifua chake kikilia kama mlango wenye bawaba kavu. Mtawa mmoja mzee, muuguzi wa zahanati, ambaye alikuwa akitutibu miaka yote bila kuuliza dini yetu, alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi badala ya kusema naye.

"Mwalimu, mama huyu asikae tena karibu na moshi. Akiendelea kukaa, utamzika."

Ndivyo nilivyoanza kupika.

Tuliishi Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, yaani Waislamu, watu wa swala, na mimi nilikuwa nikifundisha watoto Kurani katika chuo kilichokuwa nyuma ya msikiti. Binti zetu wawili walikuwa wameolewa mbali, mmoja Bujumbura na mwingine Bukoba. Msichana aliyekuwa akitusaidia alirudi kwao Byumba, kaskazini, kuwatazama wazazi vita viliposogea, na hatukupata habari zake tena. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa amekatazwa jikoni. Nilikuwa na umri wa mtu mwenye wajukuu na sijawahi kuchemsha hata maji ya kunawa.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha udongo chenye bati juu, uani, kimepeana mgongo na dirisha la chumba tulicholala. Ndani yake kulikuwa na mawe matatu na chungu cha maharagwe, na ukuta wake ulikuwa mweusi unaong'aa kama ngozi ya kiatu. Ukuta ule ulinitisha nilipoutazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mke wangu alikuwa amekaa mbele ya mawe yale miaka yote ya ndoa yetu, na kabla ya hapo alikaa mbele ya mawe ya mama yake kule Kagugu, wakati Kagugu ilikuwa migomba na mashamba ya mtama.

Nitasema haki juu ya kuni. Maharagwe yaliyopikwa kwa kuni za mkaratusi, taratibu, tangu asubuhi hadi adhuhuri, hayana mfano. Yanaiva hadi ndani, mchuzi unakuwa mzito, na ile harufu ndogo ya moshi inakaa ndani yake kama chumvi. Lakini kuni hazipikiwi na mtu aliyesimama mlangoni. Zinataka uiname, upulize, usogeze kigogo, uinue kifuniko, uiname tena. Siku ya kwanza nilitoka mle ndani machozi yananitiririka hadi kwenye ndevu.

Jirani yetu, mama mjane aliyekuwa akiuza sambusa, aliniona kutoka upande wa pili wa ua.

"Mwalimu! Unasoma kitabu gani humo ndani mbona kinakuliza hivyo?"

"Kitabu cha maharagwe," nikamjibu.

"Soma, soma. Ukihitimu tutakuoza."

Kutoka dirishani ikasikika sauti ya mke wangu: "Hajahitimu huyo! Maharagwe bado mabichi, nayasikia yanavyogonga chungu! Msimuoze bado!" Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu mpaka jirani akaacha kutabasamu.

Maana moshi ulikuwa umeingia kwa dirisha lile lile. Nilikuwa nimemwondoa yeye jikoni, lakini jiko lilikuwa limemfuata kitandani. Nikazima kuni kwa maji siku ile na sikuziwasha tena.

Nilishuka Kimisagara, bondeni, kwa mafundi wanaokata mapipa na kutengeneza majiko ya makaa, haya ambayo kwetu tunayaita imbabura. Fundi wangu alikuwa Mkongomani mwenye maneno mengi. Alinigongea jiko kwa kidole ili nisikie lilivyo imara.

"Mzee, hii iko na udongo ndani. Inashika moto kama mama anashika mtoto. Utaweka chungu asubuhi, utaenda kuswali, utarudi, moto iko palepale inakungoja."

"Na moshi?"

"Moshi ya wapi? Makaa ikishakuwa nyekundu haina moshi. Moshi inatoka saa ya kuwasha tu. Utawasha inje, utangoja, kisha utaingiza."

Alisema kweli. Nilijifunza kuchagua makaa kwa kuyagonganisha, maana makaa mazuri yanalia kama vigae na mabaya yananyamaza. Nikajifunza kuwasha kichochoroni, mbali na dirisha, nikipepea kwa kipande cha karatasi ngumu mpaka makaa yavae jivu jeupe, kisha kulibeba jiko kwa vitambaa na kuliweka barazani. Sombe, yaani kisamvu, ilipendeza juu yake, na uji wa mtama, na ndizi. Nilimshukuru Mungu kwa jiko lile.

Lakini nchi ilikuwa katika hali ya hatari. Amri ilikuwa kwamba jua likitua kila mtu awe ndani, na kwetu jua linatua upesi, saa kumi na mbili, kama mtu anayefunga duka. Hakuna mzee mwenye akili ambaye angekuwa kichochoroni anapepea moto wakati doria inapita. Kwa hiyo chakula cha jioni niliwashia uani, na moshi wa kuwasha ulikwenda palepale ulipozoea kwenda. Na mvua za masika zilipofika, makaa yalikuja yameloa, na baridi ilitufanya tufunge dirisha na kuingiza jiko chumbani. Hapakuwa na moshi wa kuonekana. Hata hivyo mke wangu aliniambia kichwa kinamwanga na anaona nyota, akanifanya nifungue mlango mvua ikinyesha.

"Hili ni jiko la wenye mapafu," akasema. "Tafuta la wasio nayo."

Nikatafuta. Mfanyabiashara mmoja wa mtaani aliniuzia jiko la mafuta ya taa, la tambi, lenye rangi ya kijani. Sifa yake ni kwamba linawaka kwa kiberiti kimoja na unaweza kulipunguza kwa kuzungusha kishikio, jambo ambalo kuni na makaa haziwezi. Kwa chai halina mpinzani. Kwa maharagwe ni kupoteza mafuta. Na lina harufu inayoingia kila mahali, kwenye maziwa, kwenye shuka, kwenye kanzu yangu ya Ijumaa. Nilimpelekea chai ya kwanza kwa furaha kubwa. Akanywa funda moja.

"Mwalimu, chai yako inanuka lori."

"Utaizoea."

"Nitazoea nini? Nimekunywa lori zima, limebaki tela."

Tulicheka. Lakini ndani ya juma moja alikohoa kwa mafuta kuliko alivyokohoa kwa makaa. Baadaye mafuta yenyewe yakaadimika, kwa sababu malori hayakupita tena mpaka wa kaskazini, na yaliyokuja kwa njia ndefu ya Tanzania yalikwenda kwa wenye magari. Jiko la kijani likabaki chini ya kitanda.

Mkwe wetu wa Bujumbura alipopata habari, alituma resho kwa mtu aliyekuwa akija na basi. Resho ni bamba la chuma lenye waya uliojikunja kama konokono; unachomeka ukutani, waya unakuwa mwekundu, basi. Hakuna kiberiti, hakuna jivu, hakuna harufu. Tuliliweka juu ya kiti karibu na kitanda, na mke wangu akaliangalia muda mrefu kama mtu anayetazama mtoto wa watu.

"Halisemi kitu," akasema.

"Hilo ndilo zuri lake."

"Moto usiosema utajuaje kama umekasirika?"

Hata hivyo alilipenda. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliweza kukaa karibu na sufuria, akaonja kwa kijiko chake mwenyewe, akanifokea kwa chumvi. Ningesema kwamba kwa mtu mwenye kifua resho ndilo jiko bora la duniani, kama dunia ingekuwa na umeme. Umeme wetu ulianza kukatika. Mara ulikuwa mgao, mara tuliambiwa nguzo zimeharibiwa huko kwenye mapigano, mara hatukuambiwa kitu. Na maharagwe yana tabia moja ambayo kila mpishi wa Rwanda anaijua: ukiyakatishia moto yakiwa nusu, hata ukiyarudishia kesho kutwa hayalainiki tena. Yanabaki na kiini kigumu kama kokoto. Tulikula maharagwe ya namna hiyo mwaka mzima. Tulisema alhamdulillahi kabla na baada, na katikati tulitafuna.

Wakati huo nilikuwa nikipanda Kiyovu mara kwa mara, kwenye nyumba kubwa za wageni, kumfundisha Kiswahili mama mmoja Mzungu ambaye mumewe alikuwa na kazi ya miradi. Mapigano yalipokaribia mji, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu, wageni wengi walifunga mizigo. Mama yule alinijua vizuri, na habari za mke wangu alizijua kwa sababu tulizitumia kama somo: "Mke wangu anaumwa. Mke wako anaumwa. Wake zetu wanaumwa." Siku ya kuagana alinipeleka jikoni kwake, akanionyesha jiko la gesi, dogo, lenye sehemu mbili za kuwekea sufuria, na mtungi wake wa bluu.

"Chukua, Mwalimu. Ni la mke wako," akasema kwa Kiswahili safi nilichomfundisha mwenyewe.

Nikakodi mwenye toroli tukateremka naye. Kwenye kizuizi, karibu na njia ya kuingia mtaani kwetu, askari kijana alisimamisha toroli, akautazama mtungi, akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni jiko, afande."

"Jiko! Jiko ya kulipua nini?"

"La kupika maharagwe."

Mwenzake akacheka. Yeye hakucheka. "Kama ni jiko, liwashe hapa."

Nikaliweka chini, pembeni ya barabara, nikaunga mpira, nikasoma Bismillahi, nikapiga kiberiti. Moto ukatoka wa bluu, mviringo, bila sauti kubwa. Askari akasogea, akachuchumaa, akanyoosha mikono juu yake kwa sababu kulikuwa na manyunyu.

"Halina moshi," akasema.

"Halina."

"Unapeleka kwa nani?"

"Kwa mke wangu. Ana kifua."

Akabaki amechuchumaa kidogo, kisha akazima mwenyewe, akafuta mikono kwenye suruali. "Pita, mzee. Mwambie mama apone."

Sijui askari yule aliishia wapi wala alifanya nini baadaye, lakini dua ile niliipokea.

Basi majira yale ndiyo yaliyokuwa mazuri. Gesi inawaka unapotaka na inazimika unapotaka. Moto wake unapunguka hadi kuwa kama ua dogo. Haikatiki kwa mgao, haitoi jivu, na ukifungua dirisha kidogo haiumizi kichwa. Maharagwe yanaiva hadi ndani. Mke wangu alikataa mara moja kwamba mimi niendelee kupika. Aliketi kwenye kigoda, akafunga leso kichwani, akasukuma chapati. Jirani wa sambusa alikuja kutazama.

"Mama, umerudi kazini! Na huyu Mwalimu wetu tumpeleke wapi?"

"Mrudishe chuoni, akawaharibie watoto. Chakula changu ameshakiharibu vya kutosha."

Nilikaa mlangoni nikamsikiliza anavyopumua huku akisukuma unga. Nilisikia, au nilitaka kusikia, kwamba kifua kimetulia. Kila siku nilimuuliza, "Leo vipi?" na kila siku alijibu, "Leo afadhali." Nilikwenda msikitini nikamshukuru Mungu mbele ya watu wote, nikawaambia: kumbe dawa ilikuwa jiko.

Mtungi ulipokwisha, niliubeba hadi mjini, kwenye maduka yaliyokuwa yakiuza gesi. Duka la kwanza lilikuwa limefungwa. La pili mwenye duka alikuwepo, ameketi kati ya mitungi mitupu iliyojaa hadi mlangoni.

"Wacha hapa mtungi wako, mzee, ukae na wenzake. Ikija nitakuita."

"Inakuja lini?"

"Uliza wenye vita."

Niliuacha. Nilikwenda kuuliza tena na tena, mpaka yule mwenye duka akawa anatikisa kichwa akiniona kwa mbali ili kunipunguzia mwendo. Gesi haikuja. Tulirudi kwenye imbabura mchana na resho siku za umeme, na mke wangu akarudi kitandani. Alipoanza kuvimba miguu nilimpeleka hospitali kubwa. Daktari, Mnyarwanda kijana mwenye heshima, alituonyesha picha ya kifua kwenye mwanga.

"Mzee, hapa, na hapa, na hapa chini, hewa haiingii tena. Huu ni moshi wa miaka mingi, tangu akiwa msichana."

"Nikimtafutia gesi tena?"

Akaizima taa ya picha. "Gesi ni nzuri. Usiache kutafuta kama ukiweza. Lakini kilichokwisha kuharibika hakirudi. Mapafu hayaoti upya."

Njiani kurudi tulipanda taksi kwa sababu hakuweza kutembea. Nilikuwa nikipanga kwa sauti: labda nimwandikie yule mama wa Kiyovu, labda kule Bukoba gesi inapatikana, labda binti atume mtungi kwa mpaka wa Rusumo. Alinishika mkono wa kanzu.

"Mwalimu, wacha."

"Gesi ilikusaidia. Uliniambia mwenyewe, afadhali."

"Gesi ilikuwa nzuri. Nilipika chapati." Akapumzika ili apate pumzi ya kumalizia. "Lakini kifua kilikuwa vilevile. Usiku kilikuwa vilevile. Wewe ulikuwa ukiuliza na uso wako umefurahi hivi. Ningekuambia nini?"

Nilitazama nje ya dirisha la gari. Tulikuwa tunapita sokoni na watu walikuwa wakinunua na kuuza kama kawaida. Nilitafuta neno la kumshukuru Mungu, kwa kuwa nimefundishwa kutafuta hivyo katika kila hali, na siku ile nililisema kwa ulimi tu. Moyo ulikuwa umekaa kando.

Baada ya hapo sikulinganisha tena majiko. Nilipika kwa kilichokuwepo na nikafunga dirisha. Alikula vijiko viwili, vitatu, akinisifu. Sifa zake ziliniuma kuliko matani ya zamani. Nilimsomea Yasini jioni, na yeye alinisahihisha sauti ya nyimbo za kasida ambazo nilikuwa nikizikosea tangu ujana, kwa kunyanyua kidole tu, maana maneno yalimgharimu. Alifariki wiki chache kabla ya Ramadhani ya mwaka wa tisini na nne, mchana, ameegemea mito yake. Pumzi ilipungua kama mtu anayeondoka chumbani polepole ili asimwamshe aliyelala. Inna lillahi. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Katika mtaa wetu nyumba ya msiba haiwashi moto siku tatu. Majirani ndio wanaopika na kuleta. Walikuja wote, Waislamu na Wakatoliki, na masufuria yaliyofunikwa vitambaa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanaume, na nilipoonja nilijua bila kuuliza: huu wali ni wa makaa, maharagwe haya ni ya kuni, chai hii ni ya mafuta. Nilikuwa nimejifunza yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa siku tatu nyumba yetu ilikuwa na hewa safi ambayo niliitafuta zaidi ya miaka mitatu. Dirisha lilikuwa wazi mchana kutwa. Hewa ilipita juu ya kitanda kilichotandikwa, ikatoka kwa mlango.

Wengi kati ya wale walioketi nami kwenye mkeka hawakuufikia mwaka uliofuata, na hizo ni habari nyingine ambazo sina nguvu ya kuziandika. Mke wangu, Mungu alimchukua kabla hajayaona hayo. Watu huniambia nishukuru kwa hilo, nami nashukuru, kwa sababu nimefundishwa kushukuru.

Siku ya nne asubuhi, mama wa sambusa aliingia uani kuchukua vyombo vya watu. Alinikuta nimekaa barazani. Akatazama huku na huku: imbabura, resho juu ya kiti, kuni chache chini ya ukuta.

"Mwalimu, siku zimekwisha. Lazima moto uwashwe. Nikuwashie lipi?"

"Lolote."

Akasimama na sahani mkononi. "Lolote? Wewe?"

"Lolote tu, dada. Yote sawa."

Hakunitania. Alichagua mawe matatu ya kibandani kwa sababu kuni zilikuwa karibu na mkono wake, akainama, akapuliza. Moshi ulipanda kwenye bati, ukageuka, ukaingia chumbani kwa dirisha. Nilikaa kusikiliza. Hakuna aliyekohoa.